Harufu Nyumbani kwa Mama Teodori

Mwaka ule wa kuwasaka walanguzi, watu wa Babati walikuwa na pua kali kuliko mbwa wa polisi. Usishangae. Mji ukikaa miezi bila sabuni, kila mtu anaijua harufu ya kila mtu, na harufu ngeni ikipita njiani inageuza vichwa. Ukikaanga kitu kwa mafuta, jirani ambaye hajakusalimia tangu Pasaka anakuja kukujulia hali. Ukibahatika kupata kipande cha sabuni ya kuogea, heri ukaogee porini, maana ukipita mtaani unanukia watu watauliza umekipata wapi, na swali hilo mwaka ule liliweza kukulaza rumande.

Mektilda, mke wa Melkiadi, hakuwa na sabuni. Alikuwa na majani ya mpapai ya kufulia, alikuwa na majivu ya kusugulia sufuria, na alikuwa na binti wa miaka sita, Fabiola, aliyejaa upele kuanzia vidoleni hadi mapajani. Muuguzi wa zahanati alimmiminia dawa ya kupaka kwenye chupa ya soda, akamwambia, "Mama Fabiola, dawa hii bila sabuni ni kazi bure. Mwoshe mtoto kwa sabuni kwanza, mkaushe, ndipo umpake." Alisema hivyo kana kwamba sabuni inachumwa mtini. Mektilda alijaribu kumwosha kwa maji ya majivu, mara moja tu. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka, na mama yake akalia naye.

Basi jioni moja ya Novemba, jua limeshazama upande wa Dareda, Mektilda alikuwa anaingiza kuni ndani akasimama ghafla. Kulikuwa na harufu. Ilikuwa tamu, laini, haina haraka, harufu ya mtu aliyetoka kuoga akajipaka poda. Aliweka kuni chini akainua pua. Harufu ilikuwa inapita kwenye ua wa minyaa, inatoka nyumba ya pili, kwa Mama Teodori.

Huyo Mama Teodori, jina lake la ubatizo Romana, alikuwa mjane wa makamo, mtu wa maneno machache na wa misa ya kwanza kila Jumapili. Mwanawe wa pekee alikuwa jeshini, mbali huko, na habari zake zilikuja kwa nadra. Yeye na Mektilda walipendana. Foleni ya duka la ushirika ilipoanza kupangwa alfajiri, kila mtu akiweka jiwe lake kushika nafasi, Romana ndiye aliyelilinda jiwe la Mektilda mpaka Mektilda amalize kumhudumia mtoto. Walipeana moto, chumvi, na habari. Ndiyo maana harufu ile ilimchoma Mektilda rohoni. Ingetoka kwa mtu mwingine angesema tu, huyo naye kapata. Lakini Mama Teodori? Anayemwona Fabiola akijikuna kila siku ya Mungu?

"Labda ni mgeni amepita," alijiambia.

Kesho yake jioni harufu ilirudi. Na siku iliyofuata. Kila mara giza linapoanza kushika, si mchana, si asubuhi. Mektilda akaanza kufikiri, na Mektilda akianza kufikiri, ujue kuna mtu ameshahukumiwa. Mtu anayeoga na sabuni ya magendo ataoga saa ngapi? Jioni, bila shaka, watu wakiwa wameinamia majungu yao. Na kwa nini dirisha la chumba cha nyuma cha Mama Teodori, lile linalotazama ua wa minyaa, linafunguliwa jioni tu, wakati watu wenye akili zao ndipo wanafunga kuzuia mbu?

Akaanza kumchunguza. Aliona kwamba mlango wa chumba kile umewekewa pazia la gunia. Aliona kwamba Mama Teodori anaingia humo asubuhi na kikombe cha maji, anatoka na kikombe kitupu. Siku moja Fabiola alimkimbiza kuku hadi mlangoni pale, na Mama Teodori, mwanamke ambaye hajawahi kumpandishia sauti mtoto wa mtu, alimshika mkono akamtoa. "Huko usiingie, mwanangu," alisema, akacheka kicheko kisichofika machoni. Mektilda aliyaona yote hayo kutoka upande wake wa minyaa.

Hakutaka kuwa mtu wa kusengenya pembeni, kwa hiyo akaenda kumuuliza.

"Shikamoo, Mama Teodori."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Ndiyo hivyo hivyo. Mama Teodori, wewe hujapata sabuni mahali?"

Romana alikuwa anachambua maharage. Mkono wake ulisimama kidogo, kidogo sana, lakini Mektilda aliuona. "Sabuni niitoe wapi, Mama Fabiola? Ningepata si ungekuwa wa kwanza kujua?"

"Nimeuliza tu. Maana kuna siku nasikia kama kitu kinanukia."

"Kinanukia wapi?"

"Huku huku kwetu."

"Mmh," alisema Romana, akarudi kwenye maharage yake. Hakuuliza kinanukia nini, na mtu asiyeuliza anajua. Hivyo ndivyo Mektilda alivyoielewa ile "mmh".

Kabla ya kuaga alimkumbatia, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, ili tu amnuse shingoni. Mama Teodori alinuka moshi wa kuni na jasho, kama wanawake wote wa Babati. Mtu mwingine hapo angetulia. Mektilda alirudi nyumbani akiwa na hakika zaidi: kumbe mwanamke huyu ni mjanja kiasi hiki, akishaoga anakwenda kukaa jikoni ajifukize moshi!

Melkiadi mumewe alikuwa kijijini Mutuka, akiandaa shamba la familia kabla mvua hazijakaza, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwambia apunguze mawazo. Usiku huo Fabiola alijikuna hadi shuka likashika damu. Mektilda aliishika mikono ya mtoto ndani ya mikono yake, akawaza jambo moja tu, kwamba hatua chache kutoka hapo kuna sabuni imekaa gizani nyuma ya gunia. Alimchukia Mama Teodori, alimchukia kweli, kwa sababu alikuwa amempenda.

Kulipokucha alikwenda kwa balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Konstantini.

Mzee Konstantini alikuwa balozi mwenye shida yake. Kila mkutano mabalozi wenzake walisimama kutaja walanguzi waliowafichua, huyu magunia ya sukari, yule majora ya vitenge, na yeye alibaki anaangalia viatu vyake. Nyumba zake kumi zilikuwa na umaskini ulionyooka, usio na cha kufichuliwa. Alimsikiliza Mektilda huku akijipapasa kidevu.

"Umeiona hiyo sabuni?"

"Nimeinusa."

"Kunusa si kuona, Mama Fabiola."

"Mzee, wewe mwenyewe hupiti njia ile jioni?"

Balozi alikuwa anapita. Tena juzi tu, akitoka kwenye pombe, alisimama palepale kwenye minyaa, akafikiri pombe imemwingia puani. "Hata mimi," alisema polepole, "hata mimi nimeinusa."

"Ikipatikana itafanywaje?"

"Itagawiwa kwa wananchi. Kwa bei ya serikali."

"Mimi naomba kipande kwa ajili ya mtoto. Na asijue kama ni mimi."

"Balozi hana mdomo," alisema Mzee Konstantini, akainuka kutafuta kofia yake.

Walikuja siku hiyo hiyo, jua la saa sita likiwa utosini. Balozi alitangulia, nyuma yake mgambo wawili, mmoja wao Sadallah, kijana mrefu aliyeshika rungu. Watoto wakafuata, mama zao wakafuata watoto, na Mektilda akafuata mama zao, ili asionekane kwamba yeye peke yake hakushangaa.

"Hodi, Mama Teodori. Tuna amri ya kukagua."

Romana aliweka mkono kifuani. "Karibuni," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Hawakukaa sana chumba cha mbele. Sadallah alilivuta gunia la mlango wa chumba cha nyuma likakatika kamba, na wote waliokuwa karibu wakachungulia. Mektilda alichungulia pia, akitafuta boksi, katoni, mfuko, chochote. Kulikuwa na ubao uliolazwa juu ya matofali karibu na dirisha. Juu ya ubao kulikuwa na makopo ya maziwa yaliyotobolewa matundu na vyungu vidogo. Na ndani ya kila kimoja, badala ya udongo, kulikuwa na kichuguu cha zile sufi za kijani zinazoota kwenye magogo mlimani Kwaraa, na juu ya kichuguu kumekaa mmea mfupi wenye majani magumu yaliyopinda, mizizi yake ikining'inia nje peupe. Mimea kadhaa ilikuwa imechanua. Maua yenyewe yalikuwa meupe, madogo, kila ua na mkia mrefu mwembamba.

"Hii ni nini?" aliuliza balozi.

"Ni maua, mzee. Okidi. Yametoka Japani."

"Nani amekuletea kutoka Japani?"

"Bwana Tanabe. Yule wa visima, niliyekuwa nampikia. Alipoondoka aliniachia."

"Yanaliwa?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Yana kazi gani?"

Romana aliwatazama wote mmoja mmoja, kisha akasema ukweli. "Hayana kazi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwaka ule kila kitu kilikuwa na kazi. Hata kopo tupu lilikuwa na kazi, hata kandambili iliyokatika. Mtu anayefungia chumbani kitu cha kutoka ng'ambo, anakinywesha maji, analea mimea isiyotaka udongo, halafu anasema haina kazi, huyo ama anaficha mali ama anaficha uchawi. Mnong'ono ulipita mlangoni. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe nyuma.

Sadallah aliinamisha pua kwenye ua moja, akavuta pumzi, akatikisa kichwa. Jua lilikuwa kali na chumba kilinukia gunia na vumbi. Kisha akaingiza kidole chini ya kichuguu cha kopo la kwanza, na kidole kikazama.

"Afande balozi! Ndani kuna shimo!"

Ni kweli kulikuwa na shimo. Ndivyo Romana alivyofundishwa na Bwana Tanabe: sufi zile zinazungushwa zikiacha uwazi katikati, mizizi ipate hewa, maana mmea huu ukilowa muda mrefu unaoza. Romana alianza kueleza hayo, lakini nani angemsikiliza mwenye nyumba baada ya kusikia neno shimo? Shimo ni maficho. Kila mtu alifikiria chake, huyu dhahabu, yule mawe ya buluu ya Mererani, Mektilda sabuni. Sadallah alivunja kopo la kwanza, akapasua la pili, mwenzake akaviangusha vyungu kimoja kimoja na kupekua sufi kwa vidole. Mizizi ilikatika kwa mlio mdogo. Romana hakupiga kelele. Kila kilipoanguka kimoja alisema, "Jamani," kwa sauti ya chini, basi.

Hawakupata kitu. Lakini watu wakishatoka na rungu hawawezi kurudi mikono mitupu, kwa hiyo walimchukua mwenyewe hadi ofisini akaeleze, akipita katikati ya majirani na kanga yake imeburuza sufi za kijani. Alipompita Mektilda alimwambia, "Nifungie mlango, mwanangu, kuku wasiingie."

Mektilda alifunga mlango. Kabla ya kufunga alipekua mwenyewe, chini ya kitanda, ndani ya mtungi, nyuma ya matofali. Hapakuwa na sabuni. Unadhani alitulia? Alisimama katikati ya makopo yaliyopasuka akawaza, ameihamisha. Kuna mtu alimtonya. Akaanza hata kumtilia shaka balozi.

Ofisini walimhoji Romana mpaka wakachoka wao. Hapakuwa na sheria inayotaja maua, na mkubwa wa zamu alikuwa na watu wa sukari wa kushughulikia. Alasiri wakamwachia, wakamwonya kwamba watarudi.

Jua lilipokaribia kuzama Mektilda alisikia hodi mlango wa nyuma. Alikuwa Mama Teodori, amekumbatia kitu chini ya kanga. Mektilda alishtuka, kisha moyo ukamruka kwa furaha mbaya: ameleta sabuni! Ameona mambo yameharibika, analeta sabuni nimfichie.

"Karibu, Mama Teodori. Pole. Pole sana."

"Nimeshapoa." Romana alifunga mlango nyuma yake, akaweka kitu mezani, akatoa kanga. Kilikuwa chungu kimoja, kimepasuka ukingo, mmea wake umesimama na maua matano yamebaki. "Hiki kilibingirika chini ya ubao, hawakukiona. Wamesema watarudi. Nikafikiri wewe una mgonjwa ndani, kwako hawatapekua. Niwekee siku chache tu, Mama Fabiola. Sina mwingine wa kumwomba."

Mektilda alikaa kwenye kigoda. Akauliza, "Kwa nini ulikuwa unayaficha?"

"Kwa sababu ya haya yaliyotokea leo." Romana alikuwa anayagusa majani kwa ncha ya kidole. "Mjane, hana mtoto nyumbani, anafuga majani yasiyo na udongo. Nani asingesema ni mchawi? Nilikuogopa hata wewe, nisikudanganye. Jana ulipokuja kuuliza nilitaka nikuoneshe, nikashindwa. Miaka mitatu nimeyalea na hayakutoa hata ua moja. Mwaka huu ndiyo yamechanua. Bwana Tanabe alisema yanapenda upepo wa jioni, basi nikawa nafungua dirisha, nakaa nayo. Ilikuwa kama nyumba ina mtu."

Hawakuwasha taa, mafuta ya taa yalikuwa ya kubana. Giza liliingia taratibu kupitia dirishani, na Fabiola alikuwa amelala kitandani, mikono yake imefungwa vitambaa asijikune. Walikaa kama wanawake wawili waliochoka. Na hapo, kutoka kwenye chungu kilichopasuka, harufu ikaanza kufunguka. Kwanza kidogo, kisha ikajaa chumba chote, tamu, laini, haina haraka.

Mektilda alisimama. Alikwenda mezani akainama, pua yake ikakaribia kugusa ua, akavuta pumzi mpaka mwisho.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe ilikuwa hii."

"Eeh, inanukia jioni. Mchana inalala."

"Kumbe ilikuwa hii tu."

Romana aliinua kichwa. "Ilikuwa hii nini?"

Mektilda alifunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka na halikuwa na pa kurudi. Alisikia jirani yake akipumua. Alijua kwamba huyu mwenzake sasa anakumbuka shingo iliyonuswa na swali la sabuni, na anavipanga kimoja baada ya kingine.

"Mama Fabiola. Hawa watu waliokuja kwangu leo walikuwa wanatafuta nini?"

"Sabuni," alisema Mektilda.

"Hawakulitaja neno hilo. Nyumbani hawakulitaja, ofisini hawakulitaja. Walisema mali ya magendo. Wewe umejuaje kama ni sabuni?"

Mektilda alianza kulia. Alitaka kusema habari za mtoto, za damu kwenye shuka, za muuguzi na dawa yake, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotosha. "Ungenionesha," ndilo lililomtoka. "Ungenionesha tu, Mama Teodori."

"Na wewe uliniuliza kama nina sabuni, nikakwambia sina."

Romana hakumlaani, hakumtukana, na Mektilda angeshukuru kutukanwa. Alikifunika chungu kwa kanga yake, polepole, akikinga maua yasiguse kitambaa, akakibeba kurudi kwenye nyumba ile ambayo mgambo walisema watarudi. Pale mlangoni aligeuka, Mektilda akadhani atasema neno, lakini alikuwa anatafuta tu komeo kwa mkono ulio huru.

Harufu ilibaki ndani. Mektilda alifungua dirisha, akafungua mlango, akapunga kwa upande wa kanga yake, na bado ilikuwepo. Kitandani Fabiola alijigeuza, akainua uso wake uliojaa usingizi.

"Mama," alisema, "nani ameoga?"

"Hakuna mtu," alisema Mektilda. "Lala."

Mtoto alivuta pumzi tena, kwa nguvu, akatabasamu. "Mama Teodori ametuletea sabuni," alisema, na akaanza kujifungua vitambaa mikononi ili akaogeshwe.